Mwaka Tulipochoma Mteremko wa Misili

Walipomaliza kumzika Mama Gode, wanawake wa Kashikishi hawakuniuliza kama nimechoka na safari. Walinipa kigoda, karai lililojaa misili na kisu cheusi cha mpini wa kamba, wakanionyesha mahali pa kukaa nyuma ya nyumba, kana kwamba sikuwahi kuondoka wilaya hii ya Nchelenge, upande wa Zambia, na kwenda kuishi Lubumbashi miaka yote hii. Misili ni machipukizi ya kangaga, yanayochumwa yangali yamejikunja, kabla hayajafunguka kuwa majani. Unakata mguu mgumu, unafuta manyoya ya kahawia kwa kidole gumba, unachemsha kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu, unamwaga maji ya kwanza ambayo ni meusi na machungu, ndipo unaanza kupika. Mikono yangu ilikumbuka kazi yote. Nilikikumbuka na kile kisu, maana mimi ndiye niliyekiokota mwaka 1999, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikitazama kwa muda mrefu kabla ya kukata shina la kwanza.

Mwaka ule Mama Gode na mimi tuliishi chumba kimoja nyuma ya duka, mita mia tatu hivi kutoka ziwani. Kuta zilikuwa za tofali mbichi, dari ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, na upepo wa Ziwa Mweru ulipovuma magunia yalishuka na kupanda kama tumbo la mtu anayelala. Kulikuwa na kitanda kimoja, na mkeka, na sufuria tatu, na dirisha dogo ambalo tuliliziba kwa karatasi ya plastiki. Vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mchana kweupe, ziwa likiwa limetulia, tulisikia mizinga kama mtu anayeburuta meza katika nyumba ya jirani, na wauza samaki sokoni walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kubishana. Kila mtumbwi uliofika kutoka Kilwa ya Kongo ulishusha samaki, vitenge, na watu wenye macho makavu. Mimi nilishuka hivyo hivyo. Jinsi nilivyofika nitaeleza jambo moja tu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nililofanya: kabla ya kuvuka, nililala siku mbili ndani ya kichaka cha kangaga upande wa Pweto, uso udongoni, nikisikia askari wakiita watu watoke, hakuna ubaya, tokeni tu. Waliotoka niliwasikia wakifa. Mimi sikutoka.

Mama Gode, aliyenichukua niliposhuka mtumbwini, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyegeuka muuza mboga baada ya mtumbwi wake kuporwa. Alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa magharibi ya Kongo, ndiyo maana alisema misili. Mwenye chumba chetu, Bana Mwape, mjane mwembamba aliyevuta tumbaku kwenye kiko, alisema mishilushilu. Wanunuzi wa upande wa Zambia ambao hawakuizoea walisema umusalu tu, mboga, na kupita. Kijijini kwetu tuliita ngumi za mtoto, kwa sababu ndivyo zinavyotoka udongoni, zimefumbwa, zina manyoya, zimeshika kitu ambacho hazitaki kukionyesha. Hilo halikuwa neno la watu wengi. Lilikuwa neno la vijiji vyetu vitatu au vinne. Asubuhi, tukisafisha mboga mlangoni, Bana Mwape na Mama Gode waligombana kwa furaha juu ya jina lile.

"Misili, misili! Unaita chakula kama unafukuza kuku," Bana Mwape alisema.

"Na weye, mama, mi-shilu-shilu! Mutu atakufa na njaa mbele ya kumaliza kusema."

"Iwe Feza, na kwenu munasema namna gani?"

"Ngumi za mutoto."

"Aa! Bakongomani! Hata mboga munataka ipigane!"

Tulicheka. Ninaandika kwamba tulicheka kwa sababu mwaka ule ninaukumbuka kwa vipigo, na si haki kwa wanawake wale wawili kuusimulia kana kwamba hapakuwa na asubuhi. Tulikula bukari, yaani ugali, na misili iliyotwangwa na kalanga, chisense wachache juu, vidagaa vya ziwani vilivyokaushwa mpaka vikawa kama kucha. Bana Mwape ndiye aliyekuwa na mteremko, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani, ambako kangaga ilimea mpaka kifuani mwa mtu. Mama Gode ndiye aliyekuwa na wanunuzi, Wakongomani wote wa pwani ile waliolia wakiona misili. Mimi nilikuwa miguu yao.

Kangaga iliyozeeka haitoi machipukizi mengi. Inabidi uichome mwishoni mwa kiangazi, na baada ya wiki mbili hivi, hata mvua haijaanguka, majivu yanapasuka na ngumi zinatoka kwa mamia. Bana Mwape alikuwa na utaratibu wake wa kuchoma, aliourithi, na hakuruhusu ubadilishwe. Mtu mmoja hutangulia. Anaingia kichakani na kopo na kijiti, anapita kutoka juu mpaka chini, katikati kabisa, akigonga kopo na kuita "Fumeni! Fumeni!", yaani tokeni, ili kila chenye miguu kitoke. Akishatoka chini, moto unawashwa pande tatu. Upande wa nne, wa chini kwenye kijito, unaachwa wazi, na hapo wanaume husimama na rungu kungojea ndezi, wale panya wakubwa wa nyasi, wanaokimbia moto. Wanawake huchukua misili, wanaume huchukua nyama. Miaka yote Bana Mwape alipita mwenyewe na kutoka na miguu myeusi kwa vumbi la kangaga mpaka juu ya magoti. Mwaka ule goti lake lilikuwa limevimba. Akanipa mimi kopo.

Nilifika juu ya mteremko peke yangu. Jua lilikuwa kali, kangaga imekauka, rangi ya kutu, na haikutikisika. Nilipiga hatua tatu. Majani yalinigusa mapajani na harufu yake ikanipanda puani, na nikawa tena ng'ambo, uso udongoni. Nilirudi nyuma hatua tatu. Kisha nikapita pembeni, kwenye njia safi ya mchanga iliyozunguka kichaka, nikigonga kopo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika na kuita kwa sauti kubwa, fumeni, fumeni, mpaka nikafika chini kwa wanaume. Kiongozi wao alikuwa Ba Kaoma, shemeji yake Bana Mwape, mvuvi mwenye mabega kama mlango.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Katikati?"

"Katikati, ba tata."

Aliinua mkono, na kule juu Mama Gode na Bana Mwape wakawasha.

Sijawahi kuona kitu kinachowaka kama kangaga kavu. Haichukui moto polepole kama kuni, inalipuka. Ndezi wa kwanza walitoka haraka, wawili, watatu, na rungu zikashuka, na wanaume wakapiga kelele za shangwe. Moshi ulijaa kijitoni hata hatukuonana vizuri. Kisha kitu kikubwa kikatoka kwa miguu minne. Nilisikia mtu akisema nguruwe, nguruwe, na rungu ya Ba Kaoma ikashuka mgongoni mwake, na ya pili, na ya tatu ya mtu mwingine, na kile kitu kikasema, "Mama." Hapo wangeweza kuacha. Mara nyingi nimerudi kwenye lile neno moja, nikalishika kama mtu anayeshika mlango usifungwe, kwa sababu wote tulilisikia na wote tulijua nguruwe hasemi. Lakini moshi ulisogea wakaona suruali, suruali ya jeshi, inawaka kuanzia magotini kwenda chini, na ng'ambo kila mmoja wao alikuwa amepoteza wavu, au mtumbwi, au ndugu, kwa watu wenye suruali ile. Wakaendelea. Walimpiga mbavu, walimpiga uso, mmoja alikanyaga mkono wake na kugeuza kisigino. Hawakupiga kelele tena. Nilisikia sauti ya mbao kwenye nyama, na pumzi zao, na moto. Mimi nilisimama na kopo langu.

Mama Gode alishuka mteremko akipita kwenye majivu ya moto, kitenge kimekunjwa mapajani, panga mkononi. Alimfikia Ba Kaoma kwa nyuma, akageuza panga, akampiga kwa bapa juu ya mkono ulioshika rungu. Vidole viwili vilivunjika, nilivisikia. Kisha akajilaza juu ya yule mtu, mwili wake wote mnene, akauzima ule moto kwa tumbo lake.

"Pigeni!" alisema. "Pigeni na mimi, tumalize!"

Hawakupiga. Tulimbeba yule mtu mpaka chumbani kwetu juu ya mlango wa banda la kuku.

Alikuwa kijana, pengine hakufika miaka ishirini na mbili. Miguu yake kuanzia magotini ilikuwa imeungua, uso umevimba hata macho hayakuonekana, midomo imepasuka. Mama Gode alipinda matete juu ya mkeka kama kiunzi cha mtego wa samaki, akatandika shuka juu yake, ili nguo isiguse nyama. Alimpaka asali. Chumba kilinuka asali, moshi na kitu kingine ambacho nisingependa kukipa jina. Mimi nilimnywesha maji kwa kijiko. Siku ya pili alianza kusema maneno, si kwetu, kwa mtu mwingine aliyekuwa naye jikoni mahali fulani, na kati ya maneno yale nilisikia wazi, kwa sauti ya mtoto anayedai: "Ngumi za mutoto zimeota? Nipikie." Hakuwa askari wa nchi nyingine, hakuwa wale walioita kichakani. Alikuwa wa vijiji vyetu. Alikuwa amefanya kama mimi, amelala chini na kukataa kutoka, na nani angemfundisha zaidi ya mambo yale yale yaliyonifundisha mimi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Ba Kaoma alikuja na wanaume watano na baiskeli moja. Mkono wake ulifungwa kwa kitambaa. Bana Mwape alikuwa mlangoni na kiko chake, Mama Gode ndani, amesimama mbele ya matete.

"Mama Gode, mi sikuje kugombana," Ba Kaoma alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii kidole itapona. Mi nataka kuuliza kintu kimoja tu. Kama moto ilimukuta mutu bila habari, basi ni sisi benye makosa, tutamutunza hata mwaka. Lakini kama aliitwa akakataa kutoka, huyu alikuwa anangoja nani mule? Anangoja bake zetu na bikapu yao?"

"Ni mugonjwa," Mama Gode alisema. "Alikuwa anajificha."

"Nauliza mutoto." Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Aliniuliza kwa upole, kama mtu aliye tayari kupokea jibu lolote. "Feza, mwanangu. Ulipita katikati?"

Kila mtu alinitazama. Nilijua bei ya kila jibu. Nikisema sikupita, kijana atabaki kwenye mkeka, na mimi nitakuwa msichana wa Kikongomani aliyewafanya nusura waue kwa mikono yao, na pwani ile haikuwa na mahali pengine pa kuniweka. Nikisema nilipita, ni yeye. Nilitazama shuka likipanda na kushuka juu ya matete.

"Nilipita," nilisema. "Niliita. Nilipita karibu kabisa."

Ba Kaoma alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, nimekuja kuielewa baadaye. Alitaka sana isiwe kosa lake. "Mwasikia," aliwaambia wenzake. Walimsukuma Bana Mwape pembeni. Wawili walimshika Mama Gode mikono, naye alimuuma mmoja mpaka damu ikatoka, na yule akampiga kofi lililomwangusha juu ya sufuria. Walibomoa matete. Kijana alipiga ukelele mara moja tu, waliponyanyua miguu yake. Wakamweka kwenye kerea ya baiskeli, ile ya kubebea samaki, wakamfunga kwa mpira uliotumika kufunga vikapu, kifua, kiuno na mapaja, kichwa kikining'inia nyuma. Walisema wanampeleka kwa polisi. Lakini nilisimama barabarani na kuwaona wakipita polisi bila kugeuza kichwa, wakielekea kusini, njia ya Kabuta. Kesho yake baiskeli ilirudi na mtu mmoja juu yake na kerea tupu. "Amefika," alisema, na hakuna aliyeuliza wapi.

Mama Gode aliosha damu mdomoni kwenye karai letu. Bana Mwape alikuwa ameenda. Mama Gode aliniita nisogee karibu na mwanga wa mlango, akatazama miguu yangu, taratibu, kama anavyotazama kitenge kabla ya kununua.

"Ile siku ya moto," alisema, "ulirudi na miguu safi."

Nilifungua mdomo.

"Hapana. Usiseme bongo tena, usidanganye tena ndani ya nyumba yangu. Mi niliiona siku ile ile, na nilinyamaza, nikafikiri, atasema mwenyewe. Leo ulipata nafasi, na mi pia nilipata. Mi pia sikusema." Akanipa ufagio. "Toa haya matete."

Misili ilitoka kwa wingi mwaka ule kuliko mwaka wowote ambao Bana Mwape aliukumbuka. Majivu yalikuwa meusi na laini kama unga, na ngumi zilisimama zimefumbwa, nene, zinang'aa. Nilichuma nikilia, na nilichuma haraka, kwa sababu watu walitaka kula. Katikati kabisa, pale mtu wa kopo anapopaswa kupita, palikuwa na kishimo kilichofukuliwa kwa mikono, saizi ya mtu aliyejikunja, na kando yake kisu cha chuma kirefu, mpini umeungua wote. Chipukizi moja lilikuwa limetokea ubavuni mwake. Nilikipeleka nyumbani. Mama Gode alikisugua kwa mchanga, akakizungushia kamba, akakifanya cha kukatia mboga. Tuliishi pamoja miaka mitano zaidi, tukakata kwa kisu kile kila siku, na habari ya baiskeli hatukuigusa tena. Nilipohamia Lubumbashi nilimwandikia, nilimpigia simu, nilimtumia vitenge. Hata mwezi uliopita, sauti yake ikiwa imebaki upepo tu, aliniuliza kama ninakula vizuri. Sikuweza kumwambia kwamba kwa miaka yote nimekuwa mtu aliyeua kijana kwa neno moja. Alijua. Ndiyo maana aliuliza habari za chakula.

Basi nilikuwa nyuma ya nyumba, karai magotini, nikikata, mwanaume mmoja akaja kutoka upande wa wanaume, mtu mzima, mpana, mwenye kofia mkononi. Alitembea kwa magoti yasiyokunjika vizuri. Nilidhani anatafuta choo. Alisimama mbele yangu akitazama chini, si usoni kwangu, mikononi.

"Ile kisu ni yangu," alisema.

Nilitazama miguu yake. Suruali iliishia juu kidogo ya vifundo, na ngozi iliyoonekana pale ilikuwa nyororo, ya waridi na nyeusi, bila unywele, kama ngozi ya kambale. Alivuta tofali akakaa. Alisema anaitwa Ilunga. Alisema walimtupa karibu na Kabuta wakidhani amekwisha, na wanawake waliokuwa wanaanika chisense wakamwona anagumia katikati ya nyavu zao, wakamtunza. Sasa anauza samaki Mwansabombwe, ana watoto wanne. Mama Gode alimpata baada ya miaka tisa. Kila mwaka alimpelekea kikapu kimoja cha misili, kwa baiskeli za samaki.

"Hakuniambia," nilisema.

"Mi njo nilimukataza. Nilikuwa nakuogopa."

"Weye? Mimi?" Sauti yangu ilipanda, na wanawake kwenye moto wakageuka. Nikaishusha. "Ilunga, sikupita katikati. Niliwadanganya. Niligonga kopo pembeni."

"Najua. Nilikuwa nakuona." Alichukua chipukizi moja karaini, akalifuta manyoya kwa kidole gumba kama mtu aliyezaliwa kwetu. "Uliingia hatua tatu. Nilihesabu. Ulikuwa umevaa roba ya kijani. Nilikuwa na ile kisu hapa, chini ya kifua. Nilisema ndani ya roho: wa kwanza atanifikia, namukata shingo, nakimbia. Siku mbili nilikuwa nasema ile maneno. Nilikuwa nimekwisha kufanya vile mara moja, ng'ambo, na alikuwa mutoto kama weye." Akaweka chipukizi chini. "Ungepita, ningekukata. Halafu ukarudi nyuma. Nikashukuru Mungu. Halafu nikasikia moto."

Kwa miaka yote nilikuwa nimepita kichaka kile usingizini, katikati, kutoka juu mpaka chini, nikigonga kopo, na kila mara kijana alinyanyuka mbele yangu, akajipangusa vumbi na kwenda zake. Sasa sikuwa na hata njia ile.

"Na siku ile mlangoni," niliuliza. "Nilipowaambia."

"Nilisikia yote."

"Kwa nini hukusema?"

"Na midomo gani?" alisema, na kidogo akacheka, kisha hakucheka. "Kisha uliwaambia ulipita karibu kabisa. Nikafikiri, huyu anajua. Anajua ningemufanya nini. Nikawaacha banibebe."

Mmoja wa wanawake aliita kutoka motoni kwamba maji ya majivu yameanza kuchemka, misili iko wapi, au tunamngoja marehemu aamke aje kupika mwenyewe? Wengine wakamzomea, wengine wakacheka. Nilitazama karai, lilibaki nusu. Niligeuza kisu nikampa Ilunga, mpini mbele. Alikishika muda, akakipima uzito, akapitisha kidole juu ya kamba aliyoizungusha Mama Gode. Kisha akavuta karai katikati yetu na kuanza kukata, haraka, mashina magumu yakianguka kwenye vumbi kati ya miguu yake na yangu, nami nikafuta manyoya, mpaka tukamaliza.